Mistari iliyopinda inakula hela za watu

Ndugu Mhariri,

Shikamoo kama umenizidi umri, kama tuko rika moja basi mambo vipi. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Nimesoma ile barua ya msomaji aliyesema vijana wa sa hivi wanaoandika programu za kompyuta wamekuwa wavivu mpaka wanaiachia mashine iwapangie kazi zao, eti zamani mtu alikuwa anapanga kila mstari kwa mkono wake na ndo maana kazi ilikuwa safi. Mi hii kazi naifanya mwaka wa kumi na kitu huu hapa Dar, nataka nimjibu kwa heshima zote kwamba hiyo zamani anayoisema nilikuwepo, na haikuwa safi hata kidogo, tulikuwa tunafichiana tu.

Kwa wasomaji ambao siyo fani yao, yale maandishi tunayoiandikia kompyuta ili ifanye kazi sisi tunayaita kodi, siyo ya TRA wala ya mwenye nyumba, ingawa na hii nayo ukiipuuzia mwanzoni inakuja kukudai na riba juu. Sasa kodi ina wasomaji wawili. Kuna kompyuta, ambayo lugha nyingi tu ukiiandikia mistari imebanana kama abiria wa Mbagala saa kumi na mbili jioni itasoma na kazi itaenda. Halafu kuna binadamu, yule atakayekuja kurithi kazi yako mwakani wewe ukiwa umeshapata ajira kwingine, na huyo ndo anayelia.

Ngoja nitoe mfano ulionikuta mwenyewe. Niliwahi kupewa kazi ya kushika mfumo wa chama kimoja cha kuweka na kukopa, jina nalihifadhi, umeandikwa kwa PHP, moja ya lugha za kuandikia programu, na kijana aliyekuwa ameshaondoka na simu hapokei. Siku ya tatu tu niko pale, kaja mama mmoja muuza vitenge, simu mkononi, anaonyesha meseji ya malipo imeingia tarehe 3, mwisho wa marejesho ni tarehe 5, ila kwenye taarifa yake kapigwa faini ya kuchelewa shilingi 5,000, na mwezi uliopita ilikuwa hivohivo. Karani akamwambia mama mfumo huwa haukosei. Mama akajibu, basi niitie huyo mfumo niongee nae. Wakaniita mimi.

Nikamwamkia, nikavuta kiti, akanipa simu niisome mwenyewe. "Mwanangu, mimi toka nianze kukopa hapa sijawahi kuchelewa hata siku moja, hiyo faini ni ya nani?" Sikuwa na jibu. Nikaingia kwenye kodi saa nane mchana, mlinzi kaja kuzima taa bado niko pale, na pale penye faini nilikuwa nimepapita kama mara kumi macho makavu. Palikuwa hivi:

if ($amechelewa)
    $sababu = "kuchelewa";
    $deni = $deni + 5000;

Hata kama hujawahi kuandika programu soma tu kama Kiswahili. Kama amechelewa, andika sababu, halafu ongeza 5,000 kwenye deni. Si ndo inavosomeka? Mistari miwili imesogezwa ndani kidogo, jicho linakwambia yote miwili iko chini ya lile sharti la kuchelewa. Ila PHP haiangalii nafasi za mwanzo wa mstari, inaangalia mabano, yale yaliyopinda kama ndoano, na hapo hayapo. Bila mabano sharti linashika mstari mmoja tu wa kwanza, ule wa pili uko huru, unampiga kila mtu, aliyechelewa na aliyewahi. Nadhani mwanzoni palikuwa na mstari mmoja tu wa deni, baadae mtu akaambiwa aongeze sababu ili itokee kwenye taarifa, akaichomeka juu, akasevu, akaenda kula. Faini ikatembea miezi miwili. Wanachama wengi hawakusema kitu kwa sababu walidhani ni yale makato ya kawaida, si unajua tena sisi na makato, tumeshazoea. Hela zilirudishwa, mama alirudishiwa 10,000 yake, ila karani hakuomba samahani mpaka leo.

Sasa huyu kijana aliyeondoka hakuwa mjinga, na wala hakuwa mvivu. Kosa hilohilo liliwahi kuwapata Apple. Februari 2014 walitoa marekebisho ya haraka ya iPhone kwa sababu ndani ya ile sehemu inayohakikisha kwamba tovuti unayoongea nayo ndiyo yenyewe, mstari mmoja ulioandikwa "goto fail;" ulikuwa umerudiwa mara mbili, mmoja juu ya mwingine, wa kwanza uko chini ya sharti, wa pili umesogezwa ndani vilevile ila hauko chini ya sharti lolote. Ikawa kila mara programu ikifika hapo inaruka moja kwa moja hadi mwisho, ukaguzi wa mwisho wa sahihi haufanyiki, na kwa kuwa hakuna kosa lililorekodiwa inarudisha jibu kwamba kila kitu kiko sawa. Mtu mbaya aliyekaa nawe kwenye Wi-Fi moja angeweza kujifanya ni benki yako. Apple jamani, siyo chama cha kuweka na kukopa. Miaka miwili baadae, 2016, kompaila ya GCC, ile programu inayogeuza kodi iwe lugha ya mashine, toleo la 6 ikaja na onyo jipya linalokwambia hapa nafasi za mwanzo wa mstari zinadanganya jicho. Mashine ndo imeamua kuliangalia hilo, kwa sababu jicho la binadamu limeshashindwa, la mtu wa California na langu mimi wa Sinza.

Baada ya lile sakata nikachukua PHP_CodeSniffer, ni programu ya bure tu ya kukagua kodi, nikaielekeza kwenye lile faili na kuiambia fuata kanuni za PSR-12, ambazo ni makubaliano ya waandishi wa PHP ya mwaka 2019 kuhusu kodi ikae vipi. Ikatema makosa mamia, mengi ya kipuuzi, nafasi imezidi hapa, mstari mrefu pale, ila katikati ya huo utitiri kuna moja inasema masharti yasiyo na mabano hayaruhusiwi, na namba ya mstari ni uleule. Haikuchukua hata dakika. Nikaiambia ipange yenyewe, ikaweka mabano kwenye mstari wa kwanza, na ule wa 5,000 ukabaki nje peke yake, mchana kweupe. Muelewe hapo, mashine haikurekebisha kosa, faini ingeendelea kupiga watu vilevile, ilichofanya ni kulivua nguo tu ili mwenye macho alione. Nilikaa nikaangalia kioo nikajisikia vibaya sana kwa zile saa zote.

Kwa hiyo namwambia yule msomaji, hivi vifaa siyo vya leo wala siyo vya kizazi cha uvivu. Cha kwanza kujulikana kinaitwa lint, alikiandika Stephen Johnson pale Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970, na hilo jina maana yake ni yale manyuzinyuzi yanayong'ang'ania kwenye nguo yako nyeusi siku ya harusi. Watu waliokitumia ndo walewale waliokuwa wanajenga Unix, ule mfumo wa kuendeshea kompyuta, hao ukiwaita wavivu sijui nani tutamwita mchapakazi. Toka hapo karibu kila lugha imepata ya kwake na sisi huku tunaziita linta kwa ujumla. Halafu kuna ndugu zake zinaitwa fomata. Ukitaka kutofautisha nenda kwa fundi cherehani, fomata ndo yule kijana anayepiga pasi, hana maoni, anakunyooshea nguo yote kwa mkunjo mmoja, linta ndo yule fundi mkubwa anayekwambia kaka hapa kifungo hakipo, hapa uzi umeruka, hii mfuko umeshona ila umeziba mdomo. Wote wawili unawahitaji, ila ukianza na pasi unaona vifungo vizuri zaidi.

Nije kwenye ofisi. Nimewahi kufanya kazi sehemu ambayo kila ukimaliza kazi yako lazima wenzako waisome kabla haijaingia, ni utaratibu mzuri sana kwenye karatasi. Akaja binti mmoja ametoka chuo moja kwa moja, kazi yake ya kwanza kaiweka, wakubwa wakaisoma wakamwachia maoni arobaini na kitu. Nikaona huruma nikaingia niyasome. Hapa umeweka spesi mbili tunaweka nne. Hapa mabano yashuke chini. Hapa mabano yapande juu, huyo ni mkubwa mwingine, na wote wawili wako timu moja! Hapa nukuu moja siyo mbili. Hapa umeweka tabu, tunatumia spesi. (Na kweli ile kitufe ya tab sisi tunaiita tabu, na jina limeikaa, ukizichanganya na spesi kwenye fungu moja la mistari, lugha inayoitwa Python 3 inagoma kabisa kuendesha kazi.) Maoni arobaini na kitu na hakuna hata mmoja aliyeuliza hii hesabu ya punguzo umeipata wapi, na ilikuwa na kosa, tuliligundua wiki mbili baadae mteja akipiga simu. Yule binti akawa kila akiweka kazi anakaa kimya siku nzima anaogopa kufungua meseji. Hivi ndo tunavowafundisha watu?

Mi nikaomba mkutano, nikasema jamani tuweke Prettier, ni fomata ya JavaScript, lugha ya kurasa za mtandaoni, aliyoitoa James Long mwaka 2017, ukisevu tu inapanga faili lote kwa mtindo wake, na sifa yake kubwa ni kwamba haikupi machaguo mengi ya kubishania. Wakubwa wakakataa mtindo wake. Mmoja akasema hapendi inavokata mistari, mwingine akasema nukuu. Nikawaambia hata mimi siupendi.

Na hapa Mhariri naomba utulie kidogo kwa sababu ndo penyewe ninapotaka kufika. Mwaka 1928 walikaa watu Mombasa kwenye mkutano kuamua Kiswahili cha kuandikia vitabu vya shule Afrika Mashariki kiwe kipi, wakachukua Kiunguja cha Zanzibar, Kimvita cha Mombasa penyewe kikaachwa, na ulikuwa mkutano wa Mombasa huohuo! 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ikaanza kusanifisha. Wamvita walinung'unika na wana haki yao, lugha yao ina mashairi ya karne na karne, kwao mtu anasema ndia na wewe unatakiwa uandike njia. Ila leo mimi nikiandika barua hii anaisoma mtu wa Kigoma, wa Nairobi, wa Bujumbura, hakuna anayekaa kubishana njia iandikwe vipi, tunabishana inaelekea wapi. Sasa na kwenye kodi ni vilevile. Lugha ya Go ya Google ilipotoka 2009 ilikuja na fomata yake mle mle ndani, inaitwa gofmt, na Rob Pike, mmoja wa waliounda hiyo lugha, ana msemo wake kwamba mtindo wa gofmt hakuna anayeupenda, ila gofmt yenyewe inapendwa na kila mtu. Mimi nilivosoma hivo nikasema huyu mzee angekuwa kwenye ile kamati ya 1930 angeelewana nao.

Tena kuna kitu cha ajabu, mwaka huohuo 1928 kule Marekani kampuni ya IBM ilitoa kadi zake za kutoboa, za karatasi za kuhifadhia taarifa, zenye safu 80, na ule upana ukarithiwa na skrini za baadae, na mpaka leo mwongozo wa Python alioutoa Guido van Rossum na wenzake 2001 unataka mstari usizidi herufi 79. Kijana wa Kariakoo ananunua kioo kipana kama mlango halafu linta inamfokea kwa sababu ya kadi za karatasi ambazo babu yake hajawahi kuziona. Black, fomata ya Python aliyoitoa Łukasz Langa 2018, yenyewe imesema 88. Kwa nini 88? Ana maelezo yake, ila ukweli ni kwamba ingekuwa 86 dunia isingeanguka. Cha muhimu namba iwe moja na asiwepo wa kuibishania.

Na wewe Mhariri unalijua hili kuliko mimi. Gazeti lako lina mtindo wake, rais mnaandika kwa herufi kubwa au ndogo, elfu tano mnaiandika kwa tarakimu au kwa maneno, hata hii barua yangu najua kuna mtu hapo ataipitia, pale nilipoandika ndo ataweka ndiyo, pale nilipoandika nae ataweka naye, na sitamkasirikia, ndiyo kazi yake. Ila mwandishi wako wa habari akileta stori ya ufisadi wa bandarini mkutano mzima wa chumba cha habari hauwezi kuishia kwenye mikato. Mkifanya hivo mtaacha kuuliza kama stori ni ya kweli.

Basi mwisho wakakubali, tukaweka. Na hapo nami nikafanya ujinga wangu ambao nausema wazi ili mwingine asiurudie. Ijumaa jioni, watu wameshaondoka, nikaipiga fomata mradi mzima kwa mkupuo mmoja, mafaili yote, nikaweka, nikaenda nyumbani najiona shujaa. Jumatatu asubuhi watu watano wana kazi walizokuwa hawajamaliza kwenye mafaili yaleyale na kila mmoja akijaribu kuunganisha zinagongana juu mpaka chini, kila mstari unagombana na mstari. Simu zilinikuta kwenye daladala. Halafu kingine, kwenye git, programu inayotunza historia ya kodi, kuna amri ya kuangalia kila mstari umeandikwa na nani, na baada ya siku ile kila mstari wa kampuni unasema umeandikwa na mimi, hadi makosa ya 2014 ambayo sikuwepo. Bosi ananiita ananiuliza mbona uliandika hivi, namwambia siyo mimi, anasema kompyuta inasema wewe, nikamkumbuka yule mama wa vitenge. Dawa ipo, toka git toleo la 2.23 la mwaka 2019 unaweza kuiambia huo mkupuo wa kupanga uuruke usiuhesabu, na dawa nzuri zaidi ni kutangaza siku, watu wamalize kazi zao kwanza, ndo upige. Mimi nilijifunza kwa kufokewa.

Ila baada ya hapo, ule ubishi wa spesi ulikufa wiki ileile. Umekufa kabisa, huwezi kuamini watu wazima walikuwa wanagombana. Yule binti akawa anaweka kazi, mashine inapanga, linta inamwambia hiki kigezo, yaani jina la kuhifadhia kitu, umekitaja hujakitumia, anarekebisha mwenyewe kimyakimya bila mtu kumwona, halafu wakubwa wanafungua wanakuta hawana cha kusema kuhusu nafasi, inabidi sasa wasome hesabu. Wa kwanza kuuliza swali la maana kwenye timu ile alikuwa yeye binti, alimuuliza mkubwa mmoja hii VAT mbona unaitoza kabla ya punguzo.

Sitaki nionekane nauza hivi vitu, vina mipaka na vingine vinaudhi. Linta ikipiga kelele nyingi inakuwa kama king'ora cha gari la jirani, mwanzo unatoka nje kuangalia, wiki ya pili unageukia ukutani unalala. Nimeona mradi una maonyo elfu na zaidi kila ukiuendesha na hakuna anayeyasoma, na vijana wamejifunza ule mkato wa kuandika mwisho wa mstari "noqa", kuiambia linta hapa funga macho, wanaweka kama hirizi. Afadhali uanze na kanuni kumi zinazofuatwa kweli kuliko mia mbili za kuonyesha wageni.

Kingine ni majina. Fomata itakunyooshea mstari lakini haijui kwamba $x2 ni deni la mtu. Nimekuta kodi imenyooka kama sare ya mgambo, ndani yake kuna data, data2, dataMpya, dataMpya_sasa, na dataMpya_sasa_hii, na mashine haina neno kwa sababu nafasi ziko sawa. Hapo hakuna mashine, hapo anahitajika mwenzako akuulize ndugu yangu hii "sasa_hii" ni ya lini. Na siku hizi watu wanaiomba akili bandia iwaandikie, inaleta kodi tayari imepigwa pasi inang'aa, ndo hatari yenyewe, kwa sababu zamani uchafu ulikuwa unakupa tahadhari kwamba aliyeandika alikuwa na haraka, sa hivi usafi haukwambii chochote.

Na kuna hili la kwetu wenyewe ambalo sijaona mtu akiliandika. Mimi napenda kuita vitu kwa Kiswahili kwenye mifumo ya watu wetu, marejesho naiita marejesho, dhamana naiita dhamana, kwa sababu nikisema loan repayment karani na mimi hatuelewani na kosa linaingia hapohapo kwenye kutafsiri. Sasa weka kile kifaa cha kukagua tahajia kwenye VS Code, programu tunayoandikia kodi, uone kodi yako yote inavopigwa mistari ya mawimbi chini, marejesho ni kosa, dhamana ni kosa, mwanachama ni kosa, kinakushauri mwanachama ubadilishe sijui uweke nini. Kijana mgeni akiona hivo anadhani amekosea, anabadilisha, ndo unakuta getMikopo na listaYaMembers na jumla_ya_totals, yaani siyo Kiswahili siyo Kiingereza. Dawa yake ni dakika tano, unatengeneza faili la maneno yako unaliweka kwenye mradi, la kwangu lina maneno kama mia tatu sasa, na nikihama mradi nahama nalo. Natamani watu wa vyuo na BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, wakae watutengenezee moja kubwa la pamoja, maneno ya fedha, ya hospitali, ya shule, likawa bure kila mtu anashusha. Sidhani kama inahitaji bajeti ya wizara.

Nimalizie kwa vyuo maana huko ndo tatizo linakozaliwa. Mimi mtihani wangu wa kuandika programu niliufanya kwenye karatasi kwa kalamu ya wino, na vijana wanaokuja kwetu kwa mafunzo wananiambia bado wapo wanaofanya hivo. Mtu anamaliza miaka mitatu hajawahi kuona linta, hajui kama ipo, anakuja kuijulia ofisini siku anaaibishwa kwa maoni arobaini na kitu. Wahadhiri wetu kwa heshima yenu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mwekeeni Ruff au Black za Python, au ESLint ya JavaScript, wiki ya kwanza kabisa, kabla hajazoea kubanana. Ni za bure, unashusha mara moja, baada ya hapo haili bando, inafanya kazi hata umeme ukikatika ilimradi laptopu ina chaji. Na inamsahihisha usiku saa sita yuko hosteli peke yake, haimcheki. Wewe mhadhiri na darasa la watu mia na themanini utapata wapi muda wa kumwambia kila mmoja kwamba mabano yako hayakufunga? Mwachie mashine hayo, wewe kaa na wale waliokosea hesabu.

Kuhusu yule msomaji mwenzangu, sina ugomvi nae, na kwenye jambo moja yuko sahihi, kwamba kuna vijana wanaiacha mashine ipange halafu hawasomi kilichopangwa. Kweli wapo. Ila na ile miaka ya kupanga kwa mkono walikuwepo wasiosoma walichopanga, mmoja wao ndo aliyeniachia ile faini.

Ombi langu la mwisho ni kwako Mhariri na kwa yule anayepanga kurasa hapo kwenu. Ile mistari mitatu ya juu yenye $deni, tafadhali msiisogeze. Wa kwanza uanzie ukingoni, wa pili na wa tatu waingie ndani nafasi nne, sawasawa kama nilivoandika. Kompyuta yenu ikiinyoosha yote mitatu ikawa mstari mmoja wima, wasomaji watashangaa mtu mzima alikaa mpaka usiku anatafuta nini.

Wako msomaji wa kila Jumamosi,
Mwandika programu, Sinza, Dar es Salaam